Shajara ya mradi: Taa tatu za kulitazama jua kutoka karakana ya redio

8 Machi 2025: Chanzo

Mimi ni fundi wa redio za upepo, zile za mawimbi mafupi zinazofungwa kwenye magari ya porini, kambi na vyombo vya baharini. Karakana iko Ngamiani, Tanga. Mradi huu ulizaliwa na aibu, kwa hiyo naitanguliza aibu yenyewe.

Alasiri ya tarehe 3 Oktoba 2024 mteja alinipigia. "Fundi, redio zote tatu zimekufa kwa mpigo." Nikamwambia alete moja. Niliifungua, nikakuta plagi ya antena ina kutu kidogo, nikaibadilisha, nikaiwasha, ikashika kama kawaida. Nikalipwa, nikashukuriwa, tukaagana. Miezi miwili baadaye, nikipekua kumbukumbu za jua kwa sababu nyingine kabisa, nikakuta kwamba siku ile saa tisa na dakika 18 alasiri kulitokea mwako wa jua wa daraja la X9.0, mkubwa kuliko yote tangu mzunguko huu wa jua uanze, maana jua huchangamka na kutulia kwa zamu ya miaka kama 11. Redio tatu hazifi kwa dakika moja kwa sababu ya kutu. Jua ndilo lililozinyamazisha, na jua lenyewe likaziachia mteja akiwa njiani kuja kwangu. Ile pesa nimeshamrudishia, na plagi nimemwachia.

Kwa asiyejua kinachotokea: mwako hurusha eksirei nyingi, nazo hufika duniani kwa mwendo wa mwanga, dakika nane na kitu. Zikifika hulichaji mno tabaka la chini la ionosfia, ile sehemu ya juu ya anga yenye chaji ya umeme, kilomita 60 hadi 90 juu yetu, na tabaka hilo huanza kuyanyonya mawimbi ya redio badala ya kuyapitisha yakaakisiwe huko juu. Masafa ya chini ndiyo huzama kwanza. Upande wa dunia ulio usiku haudhuriki.

Ninachotaka kutengeneza ni kisanduku chenye taa tatu ukutani, kila moja yenye uwezo wa kubadili rangi. Ya kwanza nimeiita SASA, inasoma eksirei. Ya pili SAA MOJA, inasoma upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, kabla haujatufikia. Ya tatu KESHO, inaangalia mawingu ya gesi yenye sumaku yanayotemwa na jua, ambayo husafiri siku moja hadi tatu. Taarifa zote natoa kwenye mafaili ya kituo cha utabiri cha NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, kilichoko Boulder, Colorado. Ni bure, huhitaji kujisajili, na mengi hujazwa upya kila dakika.

23 Machi 2025: Meno ya msumeno

Taa ya SASA nilidhani ni kazi ya jioni moja. Satelaiti za GOES za Marekani zimebeba kipimo cha eksirei kinacholikodolea jua muda wote. Unachukua namba ya mwisho kwenye faili, unailinganisha na mipaka, unawasha taa. Madaraja ni A, B, C, M na X, kila moja ni mara kumi ya lililotangulia, na X huanzia wati 0.0001 kwa kila mita ya mraba. Nikaweka njano ianze kwenye M1 na nyekundu kwenye X1.

Nilipochora mstari ili nihakiki, ulitoka kama meno ya msumeno, juu, chini, juu, chini, kila dakika. Nililaumu intaneti, nikalaumu kompyuta mpakato yangu kuukuu, nikabadilisha hata waya wa umeme. Kumbe faili lina vipimo viwili kwa kila dakika, vimepangwa kwa kupokezana: eksirei za nanomita 0.05 hadi 0.4, na za 0.1 hadi 0.8. Daraja la mwako hutolewa na hizo za pili. Mimi nilikuwa nazisoma zote kama mstari mmoja. Safu inayoitwa "energy" inakwambia ipi ni ipi, na nilikuwa nimeipita kwa haraka zangu.

Kosa la pili lilikuwa la mfukoni. Nilichagua faili la siku saba, ambalo lina safu zaidi ya 20,000, kisha nikaiamuru programu ilivute lote upya kila dakika. Bando la mwezi mzima likaisha siku ya pili. Sasa navuta faili la saa sita, safu 720 tu, na hata hilo ni jingi kwa kuwasha taa moja.

12 Aprili 2025: X9.3 iliyogeuka X13

Kabla sijaiamini programu nilitaka kuilisha mwako unaojulikana. Nikachagua ule wa tarehe 6 Septemba 2017, ambao kila mahali umeandikwa X9.3. Nikashusha data yake iliyosafishwa kwa ajili ya wanasayansi, nikaipitisha kwenye programu, ikajibu X13.3. Jioni mbili nzima nilitafuta kosa kwenye hesabu zangu.

Hapakuwa na kosa. Satelaiti za zamani, hadi GOES-15, zilikuwa zikitangaza namba iliyozidishwa kwa 0.7 ili ilandane na vizazi vya nyuma yake. Kuanzia GOES-16 wakaacha, wanatangaza kipimo halisi. Kwa hiyo ukimlinganisha X9.3 wa 2017 na X9.0 wa 2024 kama ndugu wa rika moja, umepotea: kwa mizani ya leo yule wa 2017 ni X13. Ukitaka kupima programu yako kwa data ya zamani, angalia kwanza satelaiti ni namba ngapi.

Na hata kipimo chenyewe kina ukomo. Tarehe 4 Novemba 2003 mwako ulikuwa mkali kiasi kwamba sensa zilijaa zikashindwa kupanda zaidi, ndiyo maana ile X28 inayotajwa ni makadirio.

16 Mei 2025: Mwako wa kwanza, saa ya uongo

Juzi tarehe 14 taa ya SASA iliwaka nyekundu kwa mara ya kwanza. X2.7. Mimi nilikuwa sokoni. Kijana wangu wa karakana aliiona, akafungua kumbukumbu za programu, akaniandikia: "Fundi, limepiga saa nane na dakika 25 mchana." Tatizo ni kwamba aliniandikia ujumbe huo saa tano na nusu asubuhi.

Faili la NOAA linatumia saa za dunia, UTC. Kompyuta ilikuwa tayari imezigeuza kuwa saa za Afrika Mashariki bila kuniuliza, nami nikaongeza tatu nyingine kwa mkono. Saa 08:25 ya UTC ikawa 14:25, na kijana akaisoma kwa Kiswahili kama saa nane na dakika 25. Kweli ilikuwa saa tano na dakika 25.

Katika kurekebisha niligundua jambo ambalo sijui kwa nini hatufundishwi. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya kimataifa kwa sita. Kwa hiyo ukiwa na saa ya UTC, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 08:25 ni saa tano na dakika 25. 09:00 ni saa sita. Sasa programu inatunza kila kitu kwa UTC ndani, na inatoa tatu pale tu inapoandika kwenye skrini. Kijana anasoma vizuri, nami nimeacha kuhesabu kwa vidole.

Siku hiyo hiyo nikaelewa kitu kuhusu taa yenyewe. Eksirei zinazoipiga GOES na zile zinazoipiga ionosfia juu ya Tanga zimefika pamoja. Data ikishapita Marekani, ikaingia kwenye faili, nami nikaivuta, redio za wateja zimeshanyamaza dakika kadhaa. Taa ya SASA haionyi, inaleta taarifa ya msiba. Ina manufaa yake, maana mteja akipiga simu najua cha kumjibu, lakini atakayejenga chake asimdanganye mtu kwamba kinatabiri miako. Wataalamu wa Boulder wenyewe hutoa asilimia za uwezekano wa siku nzima, kama wa mvua.

28 Juni 2025: Mshtarii aniumbua

Taa ya KESHO imenila muda kuliko zote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeitupa.

Mawingu yanayotemwa na jua huonekana kwa koronagrafu, darubini yenye kisahani mbele kinachoziba uso wa jua ili mwanga hafifu wa pembeni uonekane. Ni kama unavyonyoosha kiganja kuziba jua ili uone ndege angani. Anga letu lenyewe linang'aa mno kwa kazi hiyo ya kila siku, ndiyo sababu koronagrafu hizi zinapelekwa juu. Mbili za LASCO zimo ndani ya SOHO, chombo cha Ulaya na Marekani kilichorushwa tarehe 2 Desemba 1995 na kukaa eneo la L1, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea jua. Kiliundwa kwa kazi ya miaka miwili. Mwaka 1998 kilipotea kabisa, kikapapaswa hadi kikapatikana, na mpaka leo kinatuma picha. Nina redio za miaka hiyo hapa dukani ambazo hata spea zake hazipatikani tena. Mpya zaidi ni CCOR-1 iliyopo kwenye GOES-19, iliyorushwa Juni 2024.

Wazo langu: chukua picha mbili za LASCO zinazofuatana, toa moja kwenye nyingine, kikibaki kitu kinachong'aa basi wingu limetoka. Wiki ya kwanza lilifanya kazi. Kisha katikati ya Juni programu ikaanza kupiga kelele mchana na usiku kwamba kuna wingu, upande mmoja, halikui, linajongea taratibu kama konokono. Siku tatu nilitafuta wingu hilo kwenye taarifa za NOAA, halimo.

Lilikuwa Mshtarii. Sayari hiyo ilikuwa inapita nyuma ya jua kutoka kwetu, tarehe 24 Juni ikawa karibu kabisa, na kamera ya C3, mojawapo ya zile mbili za LASCO, inaona mbali kiasi cha kuiweka ndani ya picha kwa wiki mbili na zaidi. Inang'aa hadi mwanga wake unavuja ndani ya kamera, ikichora mstari mweupe ulalo pande zote mbili. Programu yangu ikaona hapo ndipo penye sherehe.

Nikaiziba sayari kwa hesabu. Halafu ukaja ugumu ambao hesabu yangu haikuuweza. Wingu likionekana kama duara linalozunguka kisahani chote, lina maana mbili: linakuja kwetu, au linakwenda kinyume kabisa na sisi. Koronagrafu peke yake haikuambii. Inabidi uangalie picha za uso wa jua, za satelaiti ya SDO au za kamera ya SUVI iliyopo kwenye GOES, uone kama kuna kilicholipuka upande wetu saa ile. Niliwahi kumtahadharisha mteja kwa duara lililotokea nyuma ya jua. Akakaa siku mbili anasubiri dhoruba. Na kuna chenga: protoni, chembe zinazorushwa na jua, zikiwa nyingi huipiga kamera hadi picha inajaa vidoti vyeupe kama televisheni ya zamani isiyo na stesheni, na kwa programu yangu kila kidoti ni wingu.

Nimefuta msimbo wote. Taa ya KESHO sasa inasoma utabiri wa siku tatu unaoandikwa na watu wa Boulder, waliokwisha kuziangalia picha zote hizo na kuendesha modeli yao. Fundi redio hawezi kushindana na chumba kizima cha wataalamu kwa kompyuta yenye kibodi iliyong'oka herufi tatu. Jaribio hilo limenichukua wiki tano.

19 Julai 2025: Kijani kilichokufa

Taa ya SAA MOJA ilikuwa ndiyo ninayojivunia, kwa sababu hiyo kweli inaonya. Huko huko L1 kuna vyombo vinavyopima upepo wa jua unapovipita: kasi yake, msongamano, na uga wa sumaku uliomo. Kilomita milioni 1.5 kwa upepo wa kilomita 400 kwa sekunde ni kama saa moja. Ukija kwa 800, nusu saa. Cha kuangalia zaidi ni kipimo kinachoitwa Bz. Kikiwa hasi, yaani sumaku ya upepo imeelekea kusini, huungana na sumaku ya dunia na nishati huingia. Kikiwa chanya, hata upepo mkali unaweza kupita salama.

Chombo kikuu kilikuwa DSCOVR, kilichorushwa Februari 2015, na nyuma yake ACE, mzee wa Agosti 1997. Faili moja lina safu za vyombo vyote viwili, na safu za ACE zilikuwa zinanichanganyia mstari, kwa hiyo mwezi wa nne niliandika sharti: soma DSCOVR tu. Likatulia. Nikasahau.

Tarehe 15 Julai DSCOVR ilipata hitilafu na data yake ikakatika. NOAA wakahamia ACE. Programu yangu ikaendelea kutafuta jina la DSCOVR, haikulipata, ikabaki na namba ya mwisho iliyokuwa nayo. Namba hiyo ilikuwa nzuri. Kwa siku nne taa ya SAA MOJA iling'aa kijani safi, huku ikiwa haijui lolote. Nisingegundua kama nisingeona kwamba Bz imekaa kwenye tarakimu ile ile tangu Jumanne. Upepo wa jua hautulii hivyo hata kwa dakika kumi.

Hili limeniuma kuliko Mshtarii. Taa inayowaka nyekundu bila sababu inakuudhi, basi. Taa inayowaka kijani ikiwa imekufa inakuambia ulale.

Marekebisho ni mawili. Kwanza, sichagui tena jina la chombo. Faili lina alama inayoonyesha ni kipi NOAA wanakitumia wakati huo, naifuata hiyo. Pili, kila namba sasa ina umri. Eksirei zikizidi dakika tano, au upepo ukizidi dakika 15, taa inageuka bluu. Bluu maana yake "sioni". Cha kuchekesha ni kwamba taa nilizonunua zina rangi tatu ndani, nyekundu, kijani na bluu, na njano nilikuwa naipata kwa kuchanganya mbili za kwanza. Bluu ilikuwamo humo tangu siku ya kwanza, waya umelehemiwa, sijawahi kuuwasha.

24 Agosti 2025: Shahidi wa ardhini

Baada ya ile ya Julai nikataka shahidi asiyepitia intaneti. Nimetengeneza antena ya fremu: mabomba ya PVC ya nusu inchi, pembe nne, sentimita 60 kila upande, na mizunguko 50 ya waya wa shaba wa kuzungushia mota. Fundi mota wa jirani alinipimia robo kilo. Unaingiza kwenye kadi ya sauti ya USB na kompyuta inasikiliza masafa ya chini sana, kilohezi 19.8, ambako kituo cha NWC cha Australia magharibi kinarusha muda wote ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mawimbi hayo husafiri kati ya bahari na tabaka lile lile la chini la ionosfia. Jua likirusha mwako, tabaka linabadilika, na nguvu ya NWC inashtuka.

Siku sita za kwanza sikupata kitu isipokuwa mngurumo. Niliizungusha fremu, nikaongeza mizunguko, nikaipunguza. Adui alikuwa taa za LED za dukani kwangu, chaja mbili za simu, na inveta ya jirani. Vifaa hivi vya bei rahisi vinakata umeme kwa kasi inayomwaga kelele hapo hapo ninaposikilizia. Nikaihamishia fremu nyuma ya uwanja, mita 20 kutoka nyumba, kwa waya uliosokotwa. Mngurumo ukashuka, na asubuhi iliyofuata nikauona mstari wa NWC ukiinama jua lilipochomoza. Nikamwita kijana aje aone. Alitazama akasema, "Sasa hii ndiyo kazi, fundi," kisha akarudi kwenye chai yake.

13 Septemba 2025: Kivuli cha saa mbili asubuhi

Tangu siku za mwisho za Agosti, kila asubuhi, taa ya SASA ilikuwa inafanya kioja. Mstari wa eksirei unazama hadi sakafuni, unakaa huko, kisha unaibuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanzo dakika chache, wiki hii umefikia zaidi ya saa nzima, kuanzia kama saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi. Taa wakati huo: kijani. Data ilikuwa mbichi, umri wake dakika chache tu, kwa hiyo sharti langu la bluu halikushtuka. Kwa programu, jua lilikuwa limetulia kuliko lilivyowahi kutulia.

Nilihisi ni umeme wa asubuhi, nikaja kuhisi ni mtandao, hadi nilipochukua kalamu. Mkondo ninaousoma ni wa GOES-19, iliyoning'inia juu ya ikweta kwenye nyuzi 75.2 magharibi. Usiku wa manane wa huko ni saa 05:00 ya UTC. Toa tatu: saa mbili asubuhi kwetu. Satelaiti za aina hii ziko juu sana kiasi kwamba karibu mwaka mzima huliona jua hata usiku wa manane, ila wiki chache kabla na baada ya tarehe za Machi na Septemba ambapo mchana na usiku hulingana, zinapita ndani ya kivuli cha dunia kila siku, hadi dakika 72. Mmarekani hapatwi na tatizo kubwa, kivuli kinaangukia usiku wake ambao mwako haumdhuru. Kwetu kinaangukia wakati wateja wangu wanafanya mawasiliano ya asubuhi.

Kwa hiyo kwa mara ya pili kisanduku kilionyesha amani kwa sababu kilikuwa kipofu. Nimefanya haya: nasoma mikondo miwili, wa mashariki na wa magharibi. GOES-18 iko kwenye nyuzi 137 magharibi, kivuli chake kinakuja kama saa sita mchana kwetu, kwa hiyo hazifumbi macho pamoja. Na nimeongeza sharti la akili ya kawaida: eksirei zikishuka chini ya A1 katika mwaka huu wa jua kali, usiamini, washa bluu. Vyombo vya L1 havina shida hii, dunia haipiti kamwe kati yao na jua.

27 Septemba 2025

Juzi tarehe 24 NOAA wamerusha SWFO-L1 kutoka Florida, kina koronagrafu na vipimo vya upepo, kinakwenda kuwapokea wazee wa L1. Nimefurahi nimeacha kufunga majina ya vyombo kwenye msimbo. Kijana amechoma bodi moja ya ESP32, ile kompyuta ndogo ya kisanduku, kwa kugeuza waya wa betri. Nimemnyamazia, nami nimechoma zaidi ya hiyo nikiwa na umri wake.

15 Novemba 2025: Siku tatu mfululizo

Kisanduku kimepata mtihani wake. Tarehe 9, saa nne na dakika 35 asubuhi, X1.7. Tarehe 10, saa sita na dakika 19 mchana, X1.2. Tarehe 11, saa saba na dakika 4, X5.1, mkubwa kuliko yote ya mwaka huu hadi sasa. Yote mitatu mchana wetu, jua likiwa karibu utosini. Nadhani Afrika haijapendelewa hivyo siku nyingi.

Tarehe 11 nilikuwa mezani nikilehemu. Kilichotangulia kushtuka ni mstari wa NWC, ukaruka wima kama ukuta. Taa ya SASA ikaja nyekundu dakika chache baadaye, baada ya kuzunguka dunia nzima kupitia Marekani. Shahidi wangu wa mabomba ya PVC aliishinda satelaiti, ingawa hawezi kuniambia daraja la mwako, anajua tu kwamba kuna kilichotokea. Nikawasha redio ya majaribio kwenye megahezi 7: kimya, hata muungurumo wa kawaida umenyweshwa. Megahezi 21 ilirudi kwanza, 7 ikachelewa sana.

Simu ikalia. Yule yule mteja wa Oktoba.

"Fundi, zimekufa tena zote."

"Hazijafa, bosi. Ni jua. Panda masafa ya juu kama unayo, huna basi subiri. Ikifika jioni bado, nipigie."

"Sasa unanitania?"

Hakunipigia jioni. Hesabu ya karakana: nimekosa pesa ya matengenezo ya redio tatu.

Taa ya KESHO ilikuwa imeshageuka njano tangu mwako wa kwanza, kisha nyekundu. Usiku nilikuwa nimelala wakati mawingu ya tarehe 9 na 10 yalipofika. Saa kumi na dakika 20 alfajiri ya tarehe 12 dhoruba ya sumaku ikafikia daraja la G4 katika ngazi tano. Nilipofungua duka taa ya SAA MOJA ilikuwa nyekundu na Bz hasi mno. Marekani watu wanapiga picha mbingu nyekundu hadi Florida. Sisi huku karibu na ikweta hatuoni rangi hizo, na redio zangu hazikupata makubwa kwenye dhoruba kama zilivyopata kwenye miako. Bluu iliwaka mara mbili katika siku hizo, na mara zote mbili lilikuwa bando.

Wapima ardhi wawili wamekuja kuuliza kama kisanduku kitawasaidia na GPS zao zinazorukaruka baada ya magharibi. Nimewajibu hapana. Zile zao nyingi ni ionosfia ya ikweta kuchemka yenyewe jua likishazama, hasa miezi ya Machi na Septemba, na hutokea hata siku ambayo jua limenyamaza. Taa zangu zote zinaweza kuwa kijani, kijani cha kweli, na GPS ikakataa. Sitaki kuuza plagi nyingine.

30 Novemba 2025: Gharama na viporo

Kwa atakayenakili, kompyuta mpakato na betri nilikuwa navyo. Nilivyonunua: ESP32 shilingi 28,000, na ya pili baada ya ile kuungua, 28,000 tena. Taa, resista na waya 6,500. Kisanduku cha mbao kwa seremala 10,000. Robo kilo ya waya wa shaba 12,000. Mabomba na viungo 9,500. Kadi ya sauti 15,000. Bando lililoteketea mwezi wa tatu 20,000. Jumla 129,000, na 48,000 kati yake ni makosa matupu. Wiki tano za Mshtarii sijazitia bei.

Viporo ni viwili. Redio inayosoma NWC haina umri wa data kama taa nyingine, yaani waya wa fremu ukikatwa na panya mstari utakaa tu umelala na sitajua. Na lile sharti la kivuli limejaribiwa msimu mmoja tu. GOES-19 itaanza tena kuingia gizani mwishoni mwa Februari, saa mbili asubuhi. Nimebandika karatasi ukutani chini ya kisanduku: "Tarehe 26 Februari, usiende sokoni asubuhi."